Sato na bakteria sugu: namna ya kuongeza kinga kupitia chakula kabla ugonjwa haujaingia kizimbani

Asubuhi moja ya Julai kijana anayelisha vizimba alinipigia simu akasema, "Bosi, leo hawaruki." Mfugaji wa ziwani hahitaji maelezo zaidi ya hayo. Siku ya kawaida ukirusha konzi ya kwanza ya peleti, maji yanachemka. Siku hiyo peleti zilielea tu, upepo ukazisukuma hadi zikajipanga kwenye ukingo wa wavu. Kufikia jioni tulikuwa tumeokota sato 31. Wengine macho yalikuwa yamewatoka, wengine tuliwaona wakizunguka juu ya maji kama pia kabla hawajalegea.

Nilikimbilia duka la dawa za mifugo, nikauziwa oksitetrasaiklini ya kuku, nikaichanganya kwenye chakula kwa kukisia. Vifo havikupungua. Siku ya tano ndipo nilipopeleka samaki maabara, na baadaye mtaalamu akanionyesha sahani yake: bakteria wameota wametanda kama ukungu kwenye kioo, na juu yao vimepangwa vidonge vidogo vya karatasi vilivyolowekwa dawa mbalimbali. Dawa yenye nguvu huacha duara safi kuizunguka. Kidonge cha tetrasaiklini, kundi la ile dawa niliyouziwa, hakikuwa na duara lolote. Bakteria walikuwa wameota hadi ukingoni mwake.

Usugu ule ulinigharimu, lakini kilichoniuma zaidi ni jambo jingine ambalo nilipaswa kuliona mwenyewe bila maabara. Sato mgonjwa hali chakula. Hata kama dawa ingekuwa kali kuliko zote, nilikuwa naipaka kwenye peleti ambazo wagonjwa hawazigusi. Walioimeza ni wazima. Ndiyo maana kila kitu kilichomo katika mwongozo huu ni cha kufanywa wakati samaki bado wanaruka.

Metaboliti ni nini, na maabara wamegundua nini

Mwili wa kiumbe ukivunjavunja chakula na kukijenga upya, hutokeza vitu vidogo vidogo: sukari kama glukosi, asidi amino kama alanini na prolini, tindikali kama malati, na vingine vingi. Kwa jumla huitwa metaboliti. Ndiyo kuni na matofali ya mwili, wa samaki na wa bakteria vilevile.

Utafiti wake una njia mbili, na watu wengi wanazichanganya.

Njia ya kwanza inamlenga bakteria. Dawa za kundi la kanamaisini haziingii ndani ya bakteria zenyewe; zinaingizwa na nguvu ambayo bakteria huizalisha anapochoma chakula chake. Baadhi ya bakteria sugu hupunguza moto wa jiko hilo, na dawa inabaki nje. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ukimpa bakteria aliyelala sukari inayofaa, jiko linawaka na dawa inaingia. Mwaka 2015 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, Guangzhou, China, likafanya jambo la karibu na hilo kwa Edwardsiella tarda, bakteria anayesumbua sana wafugaji wa samaki, aliyekuwa sugu kwa kanamaisini. Walipoongeza alanini au glukosi, dawa iliyokuwa imeshindwa ikaanza kuua tena.

Hii si ruhusa ya kumwaga sukari ziwani. Sukari ndani ya maji hulisha kila kijidudu kilichopo na kumaliza hewa, na bila dawa sahihi, ya kipimo sahihi, chini ya daktari wa mifugo, alanini peke yake haiui chochote.

Njia ya pili inamlenga samaki, na hii ndiyo yetu. Watafiti huambukiza samaki, kisha hulinganisha miili ya waliopona na ya waliokufa: ni kitu gani kimejaa kwa hawa na kimepungua kwa wale? Wakikipata, humrudishia samaki mwingine kabla ya kumwambukiza. Kwa njia hiyo ilionekana, katika kazi iliyochapishwa 2015, kwamba prolini iliongeza idadi ya sato waliopona ugonjwa unaoletwa na bakteria Streptococcus agalactiae katika maji yenye joto la juu. Malati nayo ilisaidia samaki wadogo wa maabara waitwao zebrafishi dhidi ya bakteria Vibrio alginolyticus. Samaki alisaidiwa ajitetee mwenyewe, kwa hiyo haijalishi bakteria ana usugu wa dawa gani.

Sasa ukweli wa dukani. Prolini na malati hutazipata kwenye duka la pembejeo kwa bei ambayo sato anaweza kuilipa, na kipimo cha maabara si kipimo cha kizimba chenye samaki elfu nne. Tutatumia vitu vya ukoo huohuo vinavyopatikana na ambavyo vimeshajaribiwa kwenye chakula cha samaki.

Chagua kimoja, viwili vikizidi

Vitamini C ndiyo ya kuanza nayo. Wakali wa istilahi watasema si metaboliti ya sato, kwa kuwa mwili wa sato hauwezi kuitengeneza. Sawa, lakini kwa sababu hiyohiyo lazima aipate kwenye chakula, na seli zake za kinga huitumia kwa wingi anapokuwa na msukosuko. Chakula kizuri cha kiwandani huwa nayo tayari. Tatizo ni mifuko iliyokaa miezi kwenye stoo yenye joto. Kuna aina mbili. Askobiki ya kawaida ni rahisi kwa bei lakini huharibika upesi kwa joto, mwanga na unyevu. Ya fosfati hudumu zaidi, na mara nyingi lebo yake husema asilimia 35, maana yake katika kila gramu 100 za unga, vitamini yenyewe ni gramu 35. Hesabu yako lazima ianzie hapo.

Pili ni tindikali za kikaboni. Inayojulikana zaidi kwa samaki ni diformati ya potasiamu. Hufanya kazi tumboni: huongeza uchachu wa utumbo hadi mahali ambapo bakteria wengi wabaya hawapapendi. Jaribio la Malaysia lililochapishwa 2009 liliwalisha sato wekundu chotara chakula chenye tindikali za aina hii, kisha likawaambukiza Streptococcus agalactiae. Waliokula tindikali walikufa wachache kuliko wasiokula. Nunua ya unga iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula cha mifugo. Tindikali ya fomiki ya majimaji iache kabisa, inaunguza ngozi na macho.

Tatu ni asidi amino kama glutamini na arginini. Majaribio mengi ya samaki huziweka kwenye asilimia 1 hivi ya chakula, yaani gramu 10 kwa kilo. Piga hesabu ya bei kwa mfuko mzima uone kama utalala usingizi. Lisini na methionini za duka la kuku ni asidi amino pia, lakini kazi yake ni kusawazisha chakula chenye soya nyingi ili samaki akue. Usiuziwe kama dawa ya kinga.

Mimi hutumia vitamini C ya fosfati, na diformati katika miezi ya hatari. Hayo mengine nimeyajaribu nikaacha.

Pima kizimba kwanza

Huwezi kupima kiongeza bila kujua uzito wa samaki waliomo. Chota samaki 50 hadi 100 kutoka pande tofauti za kizimba, wapime kwenye ndoo yenye maji, upate wastani. Tuseme una samaki 4,000 wenye wastani wa gramu 180: uzito wote ni kilo 720. Ukilisha asilimia 2.5 ya uzito kwa siku, chakula ni kilo 18.

Kwa vitamini C mimi hutumia miligramu 500 za vitamini halisi kwa kila kilo ya chakula. Kwa mfuko wa kilo 20 hiyo ni gramu 10 za vitamini halisi. Kama una ile ya asilimia 35, gawa 10 kwa 0.35: unapata gramu 29 za unga. Diformati ni gramu 2 kwa kilo, kwa hiyo gramu 40 kwa mfuko uleule.

Gramu hizo zipimwe kwa mzani mdogo wa kidijitali. Kijiko cha chai si kipimo. Kijiko changu na chako havifanani, na unga mmoja ni mwepesi kuliko mwingine. Kosa la kijiko ndilo lililonifanya mwaka wa kwanza nipake mara tatu ya kipimo, sato wakatema peleti mbele ya macho yangu.

Kuchanganya, hatua kwa hatua

Tandaza turubai safi kivulini, mahali pasipo upepo. Mwaga mfuko mmoja, usizidishe. Ukilundika mifuko mitatu, ya chini haitaguswa.

Jaribu kwanza unga wako: tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, koroga. Ukiyeyuka ukabaki maji meupe au yenye ukungu kidogo, utaupulizia. Ukituama chini kama mchanga, usilazimishe. Huo utaupaka kwa mafuta.

Unaoyeyuka: weka kwenye nusu lita ya maji safi ya kawaida. Yasiwe moto, maana joto linaua vitamini. Mimina kwenye bomba la kupulizia la mkono. Bomba liwe jipya. Narudia, jipya, kwa sababu bomba lililowahi kubeba dawa ya mahindi halioshwi likaisha, na samaki ni wepesi kufa kwa viuatilifu kuliko unavyodhani. Mmoja apulize, mwingine ageuze chakula kwa mikono yenye glavu au kwa koleo la plastiki, taratibu, peleti zisivunjike. Nusu lita kwa kilo 20 inatosha. Ukifika lita moja peleti zinavimba, zinapasuka, na ulinunua chakula cha kuelea kikawa cha kuzama.

Acha dakika 20 hadi 30 kivulini, hadi ukishika konzi isinate kiganjani. Kisha mwagia mafuta ya alizeti mililita 200 kidogo kidogo huku ukigeuza. Mafuta hufunga kiongeza kisitoke kikigusa maji. Bila mafuta, vitamini yako inakwenda kunywesha ziwa.

Usioyeyuka: koroga unga ndani ya hizo mililita 200 za mafuta, mwagia moja kwa moja kwenye peleti kavu, geuza mpaka kila peleti ing'ae.

Kabla ya kupeleka kizimbani, chukua ndoo nyeupe ya maji, dondosha peleti 20, subiri dakika 10. Kama 18 au zaidi bado zinaelea na maji hayajabadilika rangi, umefaulu. Kama maji yamekuwa ya maziwa, mafuta hayakutosha au uliyawahisha kabla peleti hazijakauka.

Changanya cha siku hiyo au ya kesho tu. Chakula kilichopakwa mafuta huvunda upesi kwa joto la kanda ya ziwa, na harufu ya mafuta yaliyochacha sato anaijua kabla yako.

Lini uanze, lini uache

Hapa ndipo pesa inapookolewa au kutupwa. Kinga ya samaki haipandi kwa usiku mmoja; mimi huanza siku 10 kabla ya msukosuko ninaoujua, naendelea hadi wiki moja baada yake, kisha naacha.

Misukosuko inayojulikana ni hii: kuhamisha vifaranga kutoka kitotoleshi, kupanga samaki kwa ukubwa, kubadili nyavu, na miezi ya Juni hadi Agosti. Katika miezi hiyo upepo wa kusini mashariki huchanganya maji ya Ziwa Victoria, na maji ya chini yaliyokosa hewa yanaweza kupanda hadi kwenye vizimba. Kwa walio na mabwawa, hatari nyingine ni joto: maji yakipita nyuzi 30 kwa siku nyingi mfululizo, Streptococcus agalactiae ndipo anaposherehekea.

Siku ya kupanga samaki wasile, wala siku moja kabla yake. Kwa hiyo siku 10 zako zihesabu kurudi nyuma kutoka siku ya mwisho ya kula.

Na pima hewa ya maji alfajiri, saa kumi na mbili au kabla. Ikiwa chini ya miligramu 3 kwa lita, usilishe asubuhi hiyo, hata kama chakula chako kina vitamini ya dhahabu. Samaki anayehema juu ya maji hana nguvu ya kusaga chakula, na chakula kisicholiwa kinaoza na kumaliza hewa iliyobaki. Nimeona watu wakihangaikia viongeza ilhali wavu umefunga uchafu hata maji hayapiti. Safisha wavu kwanza. Hakuna unga unaofanya kazi hiyo.

Ukiona wameacha kuruka

Simamisha viongeza, simamisha na hamu ya kukimbilia dukani. Toa waliokufa asubuhi na jioni, uwahesabu, uwafukie mbali na maji pamoja na chokaa. Vaa glavu: bakteria wa kundi la Streptokokasi wanaweza kuingia mwilini mwa mtu kupitia mchubuko wa mkono, na mwaka 2015 huko Singapore aina moja ya Streptococcus agalactiae iliwaambukiza watu waliokula samaki mbichi wa maji baridi.

Angalia dalili. Macho kutoka na kuzunguka huashiria Streptokokasi. Vidonda vyekundu na tumbo kujaa maji huelekea bakteria wa Aeromonas. Mapezi yaliyolika na madoa meupe au ya njano kwenye matamvua ni tabia ya kolumnarisi, ugonjwa mwingine wa bakteria. Lakini dalili hudanganya. Katika Ziwa Victoria, kazi iliyochapishwa 2018 iligundua virusi vya sato, TiLV, kwa samaki wa kufugwa na wa porini, na virusi havisikii antibayotiki ya aina yoyote. Anayekuuzia dawa bila kipimo hajui ni kipi kati ya hivyo.

Kwa maabara, chukua samaki watatu hadi watano wanaoumwa ila bado wanapumua, na ambao hawajapewa dawa yoyote. Wapeleke hai kwenye mfuko wenye maji na hewa. Ikishindikana, waweke juu ya barafu ndani ya mfuko mkavu, wafike siku hiyohiyo. Usiwagandishe kwenye friza. Bakteria wengi hawaoti tena vizuri baada ya hapo. Mwanza kuna kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari, na TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, wana kituo pia. Piga simu kabla ya kusafiri, uulize mambo mawili: wanaotesha bakteria wa samaki, na wanafanya kipimo cha usikivu wa dawa? Majibu yakija, dawa iandikwe na daktari wa mifugo, ipewe siku zote alizosema, na samaki wasiuzwe hadi siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo zipite. Mimi siku zile nilikatiza siku ya tatu kwa sababu sikuona nafuu. Kukatiza hivyo huacha hai wale wagumu zaidi.

Vizimba viwili, daftari moja

Usiamini mwongozo huu, wala lebo ya muuzaji. Chukua vizimba viwili vyenye samaki wa umri mmoja, kutoka kitotoleshi kimoja, vilivyowekwa siku moja na vilivyo karibu. Kimoja lisha chakula kilichopakwa vitamini na mafuta. Kingine lisha chakula kilichopakwa mafuta tu, kiasi kilekile. Ukikiacha bila mafuta utakuwa umejaribu mafuta. Mlishaji awe mmoja kwa vyote viwili.

Andika kila siku: chakula kilicholiwa, waliokufa, hewa ya alfajiri, joto la maji. Yule kijana wangu aliongeza safu yake mwenyewe, "wanaruka", akiweka alama kuanzia 1 hadi 5. Niliicheka. Msimu uliofuata alama zake zilishuka kutoka 5 hadi 3 siku mbili kabla ya kifo cha kwanza, na siku hizo mbili zilinitosha kufika maabara na samaki watatu hai kwenye mfuko.

Mwisho wa msimu linganisha gharama ya unga na mafuta na thamani ya samaki waliosalia zaidi kwenye kizimba kilichopakwa. Tofauti ya vifo ikiwa ndogo kiasi kwamba samaki kumi wangeibatilisha, rudia msimu mwingine kabla hujanunua mfuko mkubwa. Kwangu vitamini C imejilipa miezi ya upepo na wakati wa kupanga. Kuanzia Septemba hadi Mei siipaki, isipokuwa vifaranga wapya wakiwa njiani au nikikaribia kupanga.